Kinu cha nyuklia huchoma au hupasua?

SWALI: Natafsiri maelekezo ya mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji huunda meli na nyambizi, kisha huzifungia mitambo. Kuhusu kinu cha nyuklia nimeandika: "Kinu huchoma urani. Kiini kikipasuka, joto hupanda." Mwenzangu anasema msomaji atapotea. Je, nimekosea?

JIBU: Atapotea kweli, na mara mbili.

Kuchoma kunataka moto, na moto unataka hewa. Ndani ya kinu hakuna moto wowote. Nyutroni, chembe ndogo ya ndani ya atomu, hugonga kiini cha atomu ya urani-235, kiini hugawanyika vipande viwili, joto jingi hutoka pamoja na nyutroni nyingine mbili au tatu, nazo huenda kugonga atomu za jirani. Joto hilo huchemsha maji, na mvuke huzungusha tabo, yaani turbini. Ndiyo maana nyambizi ya nyuklia huweza kukaa chini ya maji kwa miezi, wakati injini ya dizeli hukosa pumzi. Ukiandika "huchoma", mchezaji atahangaika kutafuta pa kuunganisha bomba la hewa.

Kosa la pili ndilo baya zaidi. Kwa kawaida yetu, tairi likipasuka au bomba likipasuka, kumeharibika. Tena "kiini" ni cha atomu, lakini wengi huliita hivyo hata eneo la kati la kinu lenye fueli. Basi "kiini kikipasuka" inasikika kama ajali, kumbe unaeleza kazi ya kila sekunde. Andika "kiini cha atomu kinapopasuliwa na nyutroni". Kauli ya kutendwa inamleta mtendaji, na mtendaji huyo, yaani nyutroni, ndiye anayedhibitiwa na mchezaji: fimbo zenye boroni zikishushwa hunyonya nyutroni na joto hupungua, zikiinuliwa, huongezeka.

Kwa nomino chagua "mpasuko". Upasuaji tuwaachie madaktari. "Mgawanyiko" nao haukatazwi, maana wanafizikia Lise Meitner na Otto Frisch walipoeleza jambo hili mwaka 1939 waliliazimia jina kutoka kugawanyika kwa seli. Ila haubebi lile pigo la nyutroni.

Eneo la kati liite "moyo wa kinu", usilichanganye tena na kiini. Ningeandika hivi: "Nyutroni hupasua viini vya atomu za urani ndani ya moyo wa kinu. Joto likizidi, shusha fimbo."