Nimeambiwa nina kansa, niache kazi?

SWALI: Shikamoo anti. Nimegundulika na kansa ya matiti, naanza kemo (dawa za kuua kansa) hivi karibuni. Mume wangu anataka niandike barua ya kuacha kazi kesho, mimi nasitasita, kazi yangu ni ya ofisini na bima ya afya naipata hapo hapo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hiyo barua usiandike kwanza. Mumeo ana hofu tu, namwelewa, ila ukishaacha kazi na bima inaweza kwenda nayo, tena katikati ya matibabu! Soma mkataba wako, angalia likizo ya ugonjwa ni siku ngapi na mshahara unakatwaje.

Halafu muulize daktari ratiba. Kemo mara nyingi inatolewa kila baada ya wiki 2 au 3, siku chache za mwanzo ndo mwili unaisha nguvu kabisa, alafu kama siku ya 7 hadi 14 chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, zinashuka, hapo mwenzio akija kazini anapiga chafya kaa naye mbali au omba ufanyie kazi nyumbani. Ukitumwa mionzi, hiyo kwa kawaida ni Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki kadhaa, uchovu unajikusanya taratibu. Unaweza kusahau sahau pia, so andika kila kitu.

Bosi mpelekee barua ya daktari. Wengine ofisini si lazima wajue, na wambea hawakosekani. Ukiona mwili umegoma kabisa, omba likizo ndefu kwanza, kuacha kazi ije mwisho.