Inua siti kwanza ndo ununue sabufa: boksi za chini ya kiti kwenye pikapu

Juzi kaka mmoja wa Makambako kaniandikia inboksi. Anasema, "Fundi habari za Mbeya, nimechukua sabufa mbili za inchi 12, zina sumaku kama jiwe la kusagia, nataka uniwekee chini ya siti ya nyuma kwenye dabo kebini yangu, nije lini?" Nikamuuliza kitu kimoja tu, siti umeshainua ukapima? Kimya. Jioni ndo anajibu, hapana, ila aliyemuuzia kamwambia zitaingia tu, fundi atajua mwenyewe.

Fundi atajua mwenyewe. Hiyo kauli nimeisikia sana na kila nikiisikia naumia, kwa sababu hela ya mtu inakuwa imeshaenda, spika zimekaa sebuleni na nailoni yake, alafu fundi ndo anaonekana hajui kazi. Kwaiyo leo naandika kirefu, na wewe kaka usichukie, wako wengi wa hivyo.

Najua unayesoma hapa unataka ninachotaka mimi. Unataka uwe umepita Uyole unaitafuta Tukuyu, vioo umepandisha sababu ya baridi na manyunyu, besi inakukanda mgongo taratibu, na mtu akipanda haoni spika hata moja wala mguu wake haugusi boksi. Kwenye pikapu inawezekana kabisa. Ila pikapu haina buti, nafasi uliyonayo ni nyuma ya siti, ambako mara nyingi hapaingii hata kiganja, na chini ya siti. Basi. Na huko chini nako kuna tuta la katikati, kuna bolti, kuna mabano ya siti, kuna jeki. Ile nafasi ndo inaamua muziki wako, sio mfuko wako.

Watu wanadhani sabufa ndo besi. Sabufa ni nusu ya kazi. Koni, ile sehemu ya spika inayocheza, ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta, na hizo hewa mbili zikikutana zinauana, ndo maana spika ikiwa nje ya boksi unaiona inaruka lakini mdundo hausikii. Boksi linatenganisha hewa ya mbele na ya nyuma, alafu ile iliyofungiwa ndani inaisaidia koni kurudi mahali pake. Likiwa dogo kuliko spika inavyotaka, besi inakuwa kavu, inagonga juu juu, kule chini kabisa haishuki. Kila sabufa ya maana inakuja na karatasi inayosema inataka ujazo gani, kwa lita au kwa futi za ujazo, na futi moja ya ujazo ni kama lita 28. Watu wanaitupa ile karatasi pamoja na kasha. Usiitupe, nakuomba.

Kwenye karatasi hiyo hiyo kuna kina cha spika, yani inaingia ndani ya boksi kiasi gani. Inchi 12 ya kawaida kina chake ni sentimita 14 kwenda juu. Sabufa slimu, zile bapa, zinacheza kwenye 8 hadi 9. Sasa chukua futikamba, inua siti, pima, na ukimaliza pima tena upande wa pili maana pande mbili hazilingani. Hapo utajua kama unaongea na inchi 12, 10 au 8, na wala hutanihitaji mimi kukwambia.

Mimi nimeanzia useremala. Makabati, vitanda, meza za shule, kazi za Mwanjelwa zile, ndo maana mkono wangu unajua mbao. Baadae nikapata kibarua kwenye duka moja la muziki wa magari hapa mjini, kazi yangu kuvuta waya na kufagia. Wakati ule mtu akija na pikapu anaambiwa hii gari ya mzigo mzee wangu, weka spika za mlangoni inatosha. Mimi sikukubali. Nikaokota vipande vya plaiwudi vilivyobaki, nikawa nabaki jioni wenzangu wakiondoka, nikatengeneza boksi la chini ya siti la mteja mmoja aliyekuwa amekataliwa. Gari lilivyowashwa pale nje watu walisogea kuangalia sauti inatokea wapi. Bosi akalipiga picha, akabandika stika ya duka juu yake, akawa anawaambia wateja ana fundi wake anatoka Dar ndo anazitengeneza. Fundi wa Dar ndo mimi nimesimama pale na ufagio. Nikapewa hela ya nauli na chakula. Boksi zikaendelea kutoka na stika ikaendelea kubandikwa.

Nimeshasamehe, ila kusahau sijasahau. Nilivyoondoka nilijiambia boksi likitoka mkononi kwangu litatoka na jina langu kwa ndani, hata kama hakuna atakayelifungua. Mpaka leo naandika kwa penseli upande wa ndani kabla sijafunga kifuniko.

Sasa mwezi uliopita kaja mzee mmoja mfanyabiashara wa mchele kutoka Ubaruku kule Mbarali, na Hilux yake dabo kebini. "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana wangu. Nimezunguka sana. Mmoja kaniwekea bomba, lile boksi la besi la duara, nyuma ya siti yangu ya dereva, mama watoto hana pa kuweka miguu. Mwingine kasema nitoe siti kabisa. Mimi nataka siti na nataka muziki." Nikamwambia mzee wangu vyote utapata, niachie gari na usininunulie kitu chochote kwanza.

Nikainua siti. Punje za mchele zimejaa kwenye reli za siti na kwenye mikunjo ya kapeti, kuna ndala ya mtoto, kuna risiti za mizani. Nikasafisha mpaka bati likaonekana. Alafu nikachukua makasha ya marumaru, nikakata vipande, nikavisimamisha juu ya sakafu. Lile tuta la katikati huwezi kulipima kwa futikamba, lina mviringo. Unachofanya, chukua washa pana, kile kichuma cha duara chenye tundu kinachokaa chini ya nati, ingiza ncha ya penseli kwenye tundu lake, alafu itembeze washa juu ya bati huku penseli inachora kwenye kadibodi. Mchoro unatoka umefuata sakafu ile ile. Unakata kwa wembe, unajaribisha, unapunguza, unajaribisha tena mpaka mwanga haupiti chini yake. Hiyo kadibodi ndo ramani yako. Mafundi wengi wanaruka hapa kwa sababu inachosha na mteja anaona kama unacheza na makaratasi, lakini boksi lote linazaliwa hapa.

Ujazo nao usikutishe. Siti imelala kwa nyuma, kwaiyo boksi linakuwa refu mbele na fupi nyuma. Ya mzee kwa ndani ilikuwa urefu sentimita 100, upana 30, kimo mbele 14 na nyuma 10. Chukua wastani wa kimo, 12. Zidisha 100 mara 30 mara 12 unapata 36,000, gawa kwa 1,000, lita 36. Katikati naweka ubao wa kutenganisha spika mbili, nao unakula kidogo, na mwili wa spika unakula kidogo, kila upande unabaki na lita 16 na nusu hivi. Inchi 10 slimu nyingi zinatulia hapo. Sasa angalia hatari ilipo. Boksi hilo hilo ukilipima kwa nje, mbao ikiwa ya milimita 18, unapata kama lita 54. Lita 18 nzima ni unene wa mbao! Mtu anapima nje, anamwambia mteja una lita 54, ananunua spika ya lita 54, alafu wanashangaa besi haipo. Pima kwa ndani.

Spika nikazigeuza ziangalie chini, sumaku juu ndani ya boksi, na boksi nikalipa miguu ili kati ya koni na sakafu pabaki sentimita 3. Ukiangalizia juu, sponji ya siti inaibana koni na mtu mzito akikaa ndo kabisa. Usibane hiyo nafasi ya chini, koni inatembea, lazima ipumue. Na boksi fanya la kufungwa kabisa. Najua vijana mnapenda la tundu kwa sababu linapiga kelele zaidi, ila tundu na bomba lake vinataka hewa nyingi na chini ya siti hewa hiyo hakuna. Pamba ya mito weka kidogo kwa ndani, inalainisha, spika inajisikia iko kwenye boksi kubwa kidogo.

Mbao. Huku kwetu usiniletee mabishano ya mtandaoni, MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, nzuri kwa sauti sawa, imetulia haitetemi, lakini ikinywa maji inaumuka na ikishaumuka hairudi. Pikapu za huku watu wanapanda na viatu vimetoka shambani, Rungwe mvua haiulizi mwezi. Mimi natumia plaiwudi ya milimita 18, na sisi tumebarikiwa, Mafinga ipo hapo, misitu ya Sao Hill, viwanda vinatoa plaiwudi kila siku. Ila uichague. Angalia ubavuni, kuna nyingine katikati ya tabaka ina mapengo, hilo pengo likikutana na besi linazomea na hutajua linatokea wapi. Igonge kwa kidole, pakilia tupu acha. Ukimaliza kukata, paka kingo zote gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, ikikauka paka rangi ya mafuta chini yote, ndo uvike kapeti. Kwenye maungio gundi na skrubu vyote viwili, tobolea kwanza ndo uingize skrubu isije ikapasua, alafu silikoni kwa ndani kila kona. Silikoni iache ikauke vizuri kabla hujafunga spika. Kujua kama boksi linavuja, washa muziki wa besi, loanisha mgongo wa mkono, pitisha taratibu kwenye maungio. Ukisikia kaupepo, rudi kazini.

Waya nitapita haraka maana wengi mnajua. Fyuzi kubwa ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri, sio karibu na ampu, ile mashine ya kukuza sauti, kwa sababu inalinda ule waya mrefu unaopita kwenye bati. Pale unapopenya bati weka raba. Athi, ule waya unaofungwa kwenye bodi ya gari, iwe fupi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Waya wa bei rahisi mwingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ukikwangua ndani unaona mweupe, huo ukiutumia chukua mnene zaidi. Ampu ikate sauti za juu kuanzia kama hezi 80, sabufa ibaki na besi, sauti za waimbaji ziachie milango.

Na nyie wa malori mnaopanda Tunduma, mnaniuliza sana. Scania na wenzake ni volti 24, ampu za magari madogo ni volti 12. Weka konveta ya 24 kwenda 12 inayobeba ampia za ampu yako. Usikubali mtu akuchomolee 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili, hiyo moja inaisha na nyenzake inachajiwa kupita kiasi, zinakufa zote na tajiri atakata mshahara wako.

Alivyokuja kuchukua gari mzee alikaa siti ya nyuma kwanza, sio ya dereva. Akanyoosha miguu. Nikaweka kwaya moja, alafu bongo fleva ya mjukuu wake, kisha nikanyamaza. Akasema "ndaga fijo", yani asante sana kwa Kinyakyusa, mara kadhaa huku ameshika mlango, na hela alilipa yote bila kupunguza. Nimeandika hilo kwa makusudi, kwa vijana mnaoanza kazi hii. Msikubali nauli na chakula. Kazi ya kupima ni kazi, kadibodi ni kazi, kusubiri silikoni ikauke ni kazi, iwekee bei na uitaje ukiwa unamwangalia mtu usoni. Na nyie wateja mkishaitaja bei ya fundi kuwa kubwa, muulizeni kwanza amepima nini, atakayekutajia lita za ndani na kina cha spika huyo mpe hela yake, atakayekwambia itaingia tu usimwachie ufunguo. Pimeni jamani. Hakuna njia ya mkato hapa, ningekuwa naijua ningeshawapa.

Kitu kimoja bado. Boksi lenye spika mbili ni mzigo, ukifunga breki za ghafla linakuja mbele, kwaiyo lifunge kwa bolti, tumia matundu ya siti yaliyopo. Ukilazimika kutoboa sakafu, ingia chini ya gari kwanza uangalie, huko kuna tenki na mabomba ya mafuta na ya breki. Na kama jeki ya gari lako inakaa chini ya siti ya nyuma, iachie nafasi. Mtu akipata pancha usiku kwenye kona za Kitonga hawezi kuanza kufungua muziki ndo apate jeki. La mzee wa Ubaruku nimelikata kona ya kushoto, ukiinua siti jeki na spana ya tairi vinatoka bila kugusa skrubu.