Re: Nimeitwa malaya kisa dagaa

Dada pole sana, umesema wifi yako kakuita malaya kwa sababu mwenye mtumbwi hapo Igombe, mwaloni Mwanza, hakuuzii dagaa mpaka ulale naye, na unauliza kama huo ni ukahaba.

Ukahaba ni mtu kuuza mwili kwa malipo, hiyo ndo biashara yenyewe, sasa wewe pesa yako ya ndoo unayo mkononi na huyo jamaa anataka na mwili juu yake, hapo anayekosea ni yeye, huko ni kukubana shingo. Na "malaya" watu wanalitupa hovyo tu, hata mwanamke anayechelewa soko la samaki la Mwaloni anaitwa hivyo (mwenye mtumbwi haitwi chochote, ajabu eh). Wenzetu Wajaluo upande wa Kenya mchezo huu wa kudai mwili ndo uuziwe samaki wanauita jaboya, umezoeleka ziwa zima, hasa mbalamwezi ikiwaka dagaa wanapoadimika.

Mkichanga kinamama kadhaa mnunue kwa pamoja, atawaogopa. Na kama ilishatokea bila kondomu wahi kituo cha afya ndani ya saa 72 uombe PEP, zile dawa za kuzuia VVU, zikipita hizo haisaidii tena ila kapime hivohivo.