Folda ya seva haifunguki mpaka bosi aje

SWALI: Mtaalamu habari za kazi, mi niko stesheneri moja hapa Sinza, tunatumia kompyuta za Ubuntu, ila mafaili yote ya wateja yako kwenye Windows moja ndo tunaiita seva. Kila asubuhi kuimaunti ile folda, yaani kuiunganisha ionekane kwenye kompyuta yangu, inadai paswedi ya sudo (ile amri ya kufanya kazi kama msimamizi wa mashine) na anayo bosi peke yake, akikwama foleni Ubungo wateja wa CV wanasubiri weee mpaka wanaondoka. Juzi kaja kamaunti mwenyewe kasepa, nikawa nasoma fresh ila kusevu inagoma. Nimwombe tu paswedi?

JIBU: Pole dada'ngu, ila paswedi usiombe, hiyo ni funguo za nyumba nzima na we unataka chumba kimoja, siku kitu kikiharibika utaitwa wewe. Kwenye Linux, na Ubuntu yenu ni Linux, kumaunti ni kazi ya ruti, yaani akaunti ya msimamizi mkuu wa mashine, ila bosi anaweza kuiruhusu folda hiyo moja kwa kuongeza mstari kwenye faili la /etc/fstab, kitu kama hiki, jina na anwani aweke zenu:

//192.168.1.10/kazi /home/dada/kazi cifs credentials=/home/dada/.siri,uid=1000,gid=1000,noauto,user 0 0

Hilo neno user la mwishoni ndo linakupa ruhusa, ukishawasha unaandika mount /home/dada/kazi basi, wala sudo huigusi. Aliyemaunti ndo anayeweza kuitoa, mkiwa mnapokezana zamu na kila mtu ana akaunti yake aandike users. Folda tupu ya kazi itengeneze mapema, na programu ya cifs-utils, ndo inayomaunti folda za Windows, iwe imeshawekwa.

Faili la .siri lina username= na password= za akaunti ya kule Windows, siyo za bosi, na ulipige chmod 600 asilisome mwingine. Kuna watu wanaandika paswedi humohumo kwenye fstab, faili ambalo kila anayekaa kwenye mashine analisoma, sijui huwa wanawaza nini.

Sasa kusevu kulikogoma: bosi alimaunti kwa sudo bila uid, yaani namba ya yuza mwenye mafaili, kwa hiyo mafaili yote yakahesabika ni ya ruti, we ukabaki msomaji tu. Namba yako ipate kwa id -u, yuza wa kwanza wa Ubuntu kwa kawaida ni 1000. Ukishaweka na bado inagoma basi usihangaike na Ubuntu, nenda kwenye ile Windows uangalie akaunti yenu kama imepewa ruhusa ya kuandika au kusoma tu, maana seva ikikataa huku kwako hakuna mstari utakaoilazimisha.