Maswali yenu kuhusu ile filamu ya pesa na madeni

Tangu vijana wa hapa Tabora mjini waonyeshe filamu ya Zeitgeist: Addendum, mwenzao mmoja akisimama pembeni ya skrini kuitafsiri, ujumbe wenu umemiminika. Kwa ambao hamkuwepo: ni filamu ya Mmarekani Peter Joseph, ilitoka 2008 na ikawekwa bure kwenye intaneti. Inasema fedha za leo zinazaliwa na deni, na kwamba deni hilo linawafunga watu na mataifa. Mwishoni inapendekeza dunia isiyotumia fedha kabisa, ambamo rasilimali ni za wote, kwa kufuata mawazo ya Jacque Fresco, mbunifu aliyekuwa na kituo chake huko Venus, Florida, hadi alipofariki 2017 akiwa na miaka 101. Nimechagua maswali yanayogusa wengi.

Shikamoo mzee. Filamu inasema benki inakopesha pesa ambayo haina. Ni kweli? (Kijana wa Isevya)

Marahaba. Kiini chake ni kweli. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Uingereza iliandika wazi kwenye jarida lake kwamba benki inapokopesha haichukui akiba ya mtu mmoja ikampa mwingine. Inaandika tarakimu kwenye akaunti ya mkopaji, na tarakimu hiyo ndiyo fedha mpya. Deni likilipwa, fedha hiyo inafutika. Wakati ule asilimia 97 ya fedha zilizokuwa mikononi mwa watu wa Uingereza zilikuwa amana za benki, na noti na sarafu zilikuwa kidogo tu.

Filamu inapopitwa na wakati ni kwenye ile hesabu yake kwamba benki hubakiza asilimia 10 ya amana na kukopesha asilimia 90. Marekani yenyewe ilifuta sharti hilo Machi 2020. Kwetu Benki Kuu bado inazitaka benki ziweke kwake sehemu ya amana, na mwaka huohuo wa 2020 ilishusha kiwango kutoka asilimia 7 hadi 6. Ila kinachoibana benki zaidi ni mtaji wake, uwezo wa wateja kulipa, na riba ya Benki Kuu, ambayo tangu Januari 2024 ndiyo rungu kuu la kusimamia fedha nchini. Ilianzia asilimia 5.5. Kwa hiyo benki haiandiki tu inavyotaka. Mkopaji akishindwa, hasara inaingia kwenye vitabu vyake.

Filamu inasema benki hutengeneza fedha ya mkopo tu, si ya kulipia riba. Basi si lazima kila mwaka wengine wafilisike ili wengine walipe? (Mhasibu, Cheyo)

Hapa filamu inakosea hesabu, na wewe mhasibu utaniunga mkono. Tazama kikoba cha akina mama. Wamekaa chini ya mwembe, sanduku katikati, kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu tofauti ili asifungue mmoja peke yake. Mwenzao alikopa 100,000, leo anarudisha 110,000. Ile 10,000 ya juu imetoka wapi? Ameuza karanga kwa jirani aliyekopa wiki iliyopita. Inaingia sandukuni, inakopeshwa tena, na mzunguko ukiisha inagawanywa kwa hisa. Noti zilezile zimelipa madeni ya watu kadhaa na hakuna aliyefilisika kwa sababu ya riba yenyewe.

Benki nayo hulipa mishahara, pango na gawio, na fedha hizo zinaweza kurudi mtaani. Swali ni mtaa upi. Riba ya kikoba cha Cheyo inarudi Cheyo, inanunua mabati na sare za shule. Riba ya mkopo mkubwa inaweza kwenda kuliwa mbali sana na alikotoka aliyeilipa. Filamu ingekaa kwenye jambo hili ingenishika zaidi, maana kinachoumiza watu wetu si kuwepo kwa fedha. Kinachoumiza ni kwamba masharti yanaandikwa pasipo wao kuwepo, na faida inaondoka isirudi.

Mimi nauza dagaa hapa Kibirizi. Nilikopa 200,000, nalipa 10,000 kila siku kwa siku 26. Wenzangu wanaita kausha damu. Nitokeje? (Mama wa Kigoma)

Mama, tuifungue hesabu kwanza. Siku 26 mara 10,000 ni 260,000, yaani riba 60,000 kwa muda usiofika mwezi. Ukomo wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wa namna hii ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 200,000 hiyo ni 7,000. Na kuna jambo baya zaidi ambalo halionekani upesi. Ikifika siku ya 13 umesharudisha 130,000. Mkononi umebaki na 70,000 zake, lakini bado unalipa riba kana kwamba unazo zote 200,000.

Fanya hivi. Mwombe nakala ya mkataba na leseni yake, kwani Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji wa biashara awe na leseni ya Benki Kuu. Asipokuwa nayo, nenda kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata na kwa mtendaji ukiwa na daftari lako la malipo. Usimwachie mtu yeyote kadi yako ya benki wala namba ya siri. Na tafadhali, usichukue mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Ni bora umwambie ukweli mwenye mtumbwi anayekuuzia dagaa akupe mzigo kwa mali kauli wiki mbili, kuliko kuongeza mkopeshaji mwingine mlangoni.

Babu zetu si waliishi bila pesa? Basi hata sisi tunaweza. (Ujiji)

Ndugu yangu wa Ujiji, soko lenu ni shahidi kwamba mambo hayakuwa hivyo. Mwingereza Cameron alipofika hapo 1874 alikuta watu wakinunua na kuuza kwa shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko. Asubuhi walikuwepo watu wenye mifuko iliyojaa sofi, wakiwabadilishia wateja kwa shanga za aina nyingine. Soko likifungwa, walewale walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, na walipata faida mara zote mbili. Wabadilisha fedha hao walikuwa Ujiji kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Chumvi ya Uvinza nayo ilisafiri mbali ikibadilishwa kwa vitu vingine, na huku Unyamwezini nguo za merikani na kaniki zilifanya kazi ya fedha.

Tofauti kubwa ililetwa na kodi. Utawala wa Kijerumani ulianza kudai kodi ya nyumba 1898, na Waingereza wakaendelea na kodi yao. Mtu ambaye shamba lilimtosha kula akalazimika kutafuta sarafu, kwa kuwa kodi hailipwi kwa mhogo. Ndivyo vijana wa Buha, kutoka Kasulu na Kibondo, walivyopanda treni kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Filamu haikusema neno juu ya hilo, na kwangu hiyo ndiyo historia ya fedha inayotuhusu kuliko ile ya benki za Chicago na New York.

Tukirudi kwenye fedha ya dhahabu je? (Nzega)

Tabora ilishaionja. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia Wajerumani njia ya bahari, walitengeneza sarafu hapahapa kwenye karakana ya reli: za rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo, zipatazo 16,198, na heller, yaani sarafu ndogo, za shaba ambayo sehemu yake ilitoka kwenye maganda ya risasi za mizinga. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Mwenye dhahabu alibaki na dhahabu yake, lakini mwananchi wa kawaida alikuwa ameshika heller na noti za dharura. Dhahabu huwalinda wenye nayo, na hao siku zote ni wachache.

Mimi mkulima wa tumbaku, Urambo. Nilileta mzigo mzuri, lakini deni la pembejeo la mwenzangu likakatwa kwangu. Huu si ule utumwa wa kwenye filamu? (Mwanachama wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima)

Uchungu wako naujua, maana umelima, umekausha, umefunga mabelo, halafu unaondoka sokoni mikono mitupu. Ila silaha unayo, nayo inaitwa ukomo wa madeni. Chama cha msingi hakiruhusiwi kukopa kupita kiwango ambacho mkutano mkuu umekipitisha na Mrajis wa vyama vya ushirika akakiridhia. Tatizo ni kwamba ajenda hiyo husomwa mchana watu wameshachoka, wananyoosha mikono, wanakwenda kula. Msimu ujao fika na kalamu. Taka orodha isomwe jina kwa jina: nani anachukua mifuko mingapi ya mbolea na ana shamba la ekari ngapi. Kama mtu ana ekari moja na ameandikiwa mbolea ya ekari nne, ile ya ziada itauzwa barabarani na ninyi ndio mtakaoilipa. Lisemeni hapohapo mkutanoni, kabla mkopo haujasainiwa. Dhamana ya pamoja inawezekana pale watu wanapofahamiana na kukaguana. Bila ukaguzi, mwaminifu ndiye anayebeba mzigo.

Huyo Fresco si anatuletea ujamaa mwingine? (Mstaafu, Ng'ambo)

Yeye mwenyewe alikataa kulinganishwa na mfumo wowote uliokwisha kuwepo. Lakini mzee mwenzangu, sisi tuna la kumwambia. Kule Litowa, Ruvuma, wakulima walianzisha wenyewe vijiji vyao vya ujamaa na wakavisimamia vizuri, ila chama chao kikavunjwa 1969. Miaka mitatu baadaye ikaja operesheni ya kuhamishia watu vijijini mkoani Kigoma, na safari hii mpango ulitoka juu. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafutwa nchi nzima, hadi sheria ya 1982 iliporudisha. Wazo la kuishi kwa kushirikiana lilikuwa zuri, na mimi bado naliamini. Lililoharibu ni kuwapangia watu badala ya kupanga nao. Filamu inachora miji ya duara iliyopangwa na wataalamu kuanzia bomba hadi paa, na sikusikia popote wakazi wakiulizwa.

Wanasema kompyuta zitagawa rasilimali kwa haki. Unaonaje? (Mfugaji nyuki, Sikonge)

Wewe una jibu kuliko mimi. Msitu wa miombo unamotundika mizinga yako, mkulima wa tumbaku anautaka kwa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, na mfugaji anautaka kwa malisho ya kiangazi. Kompyuta inaweza kupima miti imebaki mingapi na mvua imenyesha kiasi gani, na hilo lingesaidia sana. Haiwezi kuamua asali yako na tumbaku ya jirani kipi kitangulie. Hayo yanaamuliwa kwenye mkutano wa kijiji wenye kelele, na anayeyahamishia kwenye mtambo amemkabidhi uamuzi yule anayeuendesha.

Tunaweza kutoa pesa yetu kijijini? (Kaliua)

Noti na sarafu, hapana; kisheria ni kazi ya Benki Kuu pekee. Lakini sikilizeni ya Mombasa. Mwaka 2013, kwenye mtaa wa Bangladesh, wafanyabiashara wadogo walianzisha vocha waliyoiita Bangla-Pesa. Siku ambazo shilingi haikuwepo mfukoni, mama wa mboga alimlipa fundi baiskeli kwa vocha, na fundi akaitumia kununulia maji. Polisi wakawakamata watu sita, na baadaye mwaka huohuo mashtaka yakafutwa. Wazo halikufa, lilikua likawa Sarafu, inayotumia simu. Mkitaka kujaribu kitu cha namna hiyo, anzeni na kikundi kilichosajiliwa halmashauri na mwanasheria wa kuwaangalizia maandishi.

Na yule Perkins anayesema nchi hukopeshwa ili zifungwe? (Kitete)

John Perkins, Mmarekani anayehojiwa kwenye filamu, anasimulia aliyodai kuyafanya mwenyewe, na mengi hayana shahidi mwingine. Ila masharti ya wakopeshaji Tanzania tunayajua bila yeye. Mwalimu Nyerere aliyapinga hadharani mwanzoni mwa 1980, akihoji tangu lini Shirika la Fedha la Kimataifa limekuwa wizara ya fedha ya dunia. Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikasaini makubaliano na shirika hilo. Sehemu kubwa ya deni ilisamehewa kuanzia 2001, baada ya watu wengi duniani kupiga kelele miaka mingi.

Mimi ni Mwislamu, riba kwangu haramu. Nina pa kwenda? (Gongoni)

Upo mlango. Amana Bank ilifunguliwa 2011 ikifuata misingi ya Kiislamu, na benki nyingine zina madirisha ya namna hiyo. Hata kikoba kinaweza kukubaliana kugawana faida ya biashara badala ya kutoza riba. Kwa hukumu yenyewe, muulize sheikh wako.

Mwalimu wa sekondari hapa. Niwaonyeshe wanafunzi wangu? (Ipuli)

Waonyeshe, kidato cha tano na sita hasa. Isimamishe pale inapoeleza mikopo, wape karatasi, wapige hesabu wenyewe, halafu mwalike mweka hazina wa kikoba aje na daftari lake wamuulize maswali. Ile filamu ya kwanza ya 2007 iache. Ina madai juu ya dini na juu ya mashambulio ya Septemba 11 yasiyosimama, na itakumalizia vipindi vyote kwenye mabishano ambayo hayahusiani na fedha.