Nyota karibu na Mukono: elekea ziwani

Ndugu uliyeuliza pa kutazamia nyota ukiwa unakaa Mukono mjini, hapa Uganda: taa za Kampala ziko magharibi yako, kwa hiyo usihangaike na upande huo. Shuka kusini hadi Katosi, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ukitazama kusini juu ya maji hakuna mji karibu wa kukuharibia anga. Tatizo ni taa za wavuvi wa mukene (dagaa wa ziwani), maana nao hupenda usiku usio na mwezi kama sisi, ila ukikaa pembeni kidogo ya mwalo unazikwepa. Tafadhali usiende peke yako, na mwone kwanza mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ajue mnafanya nini gizani.

Ukipata siku mbili, nenda visiwa vya Ssese, humohumo ziwani. Feri ya kwenda Kalangala, mji wa huko, inaondokea Nakiwogo, Entebbe, na huko giza ni la kweli.

Chagua siku za mwezi mwandamo, majira ya kiangazi. Juni, usiku ukiwa bado mchanga, utaona kundi la nyota la Msalaba wa Kusini upande mmoja na kundi la Dubu Mkubwa upande wa pili kwa wakati mmoja. Hiyo ni zawadi yetu watu wa ikweta, wengi duniani hawaipati. Desemba na Januari tafuta Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, juu sana angani.

Simu izime. Macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga mmoja wa skrini unakurudisha mwanzo.