Mkuu wa kitengo, anza na jedwali la safari

Mtumishi wa umma haachi kazi kirahisi. Ana mkopo benki, ana michango yake PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, watoto wameshazoea shule Dodoma. Kwa hiyo ukihesabu waliofika Mtumba, kwenye ofisi za Serikali, saa 1:30 asubuhi, hujapima moyo wa kazi. Mwaka 1991 watafiti Meyer na Allen walitenganisha anayebaki kwa kuipenda taasisi, anayebaki kwa kuogopa hasara ya kuondoka, na anayebaki kwa kuona ana deni nayo. Kitengo kikijaa wa aina ya pili, mahudhurio yatakuwa mazuri na majalada yatalala.

Kinachochafua hali ya hewa ofisini mara nyingi si mshahara. Kila mtu anajua huupangi wewe. Ni safari. Posho ya kujikimu huhesabiwa kwa siku za kulala nje ya kituo, na safari tatu mfululizo zikimwangukia mtu yuleyule, wenzake wanazihesabu kwa ada za shule. Bandika jedwali: jina, safari, siku, sababu ya kuchaguliwa. Hiyo safu ya mwisho ndiyo yenye kazi. "Ndiye aliyeandaa takwimu" inatosha. Ukikosa cha kuandika, mpe mwingine. Lakini usigawe kwa zamu tupu: utampeleka Kigoma asiyeijua kazi, na ripoti itaandikwa na aliyebaki ofisini, bila posho. Hapo umewaudhi wawili kwa safari moja.

Kukaimu nako kuna sumu yake. Anayekaimu kwa maneno ya mdomo hubeba lawama zote, na siku ya kujadili vyeo hana karatasi. Barua itoke siku ileile, iwe na tarehe, nakala iende masijala kwenye jalada lake binafsi.

Malengo ya PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, msisubiri hadi mfumo ukaribie kufungwa, maana hapo watu hunakili ya mwaka jana. Kaeni wiki ya kwanza ya Julai, dakika 20 kila mtu, mkubaliane kazi yake itapimwaje. Alama ya chini isiyotanguliwa na mazungumzo huonekana kisasi, hata kama ni halali.

Likizo ni jambo dogo, ila hukumbukwa miaka. Ukimwahirishia mtu kwa ajili ya Bunge la Bajeti, mwandikie tarehe mpya kwenye fomu ileile. "Tutaona" si tarehe.